Kitabu Kimoja cha Nyimbo Zote

Jumapili, 3 Mei

Nimeahidi. Sijutii.

Kanana, mke wangu, alikuwa anaongea na mama yake kwa simu, sauti imefunguliwa, mimi nakunja nguo. Mama mkwe wangu, Mama Loice, ametoka Meru tangu Pasaka kuja kuona wajukuu. Amefikia Pearland, kule Houston, kwa Kathure, mdogo wake Kanana. Tarehe kumi na sita anatimiza miaka sabini. Akasema hataki disko. Hataki masanduku ya kelele uani. Anataka watu waimbe kwa vinywa vyao kama nyumbani, na kama yupo mtu wa kupiga gitaa, Mungu atambariki.

Nikamsikia Kibet akikohoa huko nyuma. Kibet ni mume wa Kathure, kwa hiyo ni mwanyumba wangu. Ana nyumba yenye bwawa la kuogelea. Anafanya kazi kwenye zile hospitali kubwa za Houston. Mama humwita "mwanangu." Mimi huniita "huyo wa Mansfield," mji tunakoishi.

Kikohozi kile kilikuwa cha mtu anayetaka kujitolea. Nikawahi.

Nikasema gitaa nitapiga mimi. Mama akauliza nitapiga nyimbo gani.

"Wimbo wowote, Mama. Mtu ataje tu."

Kanana akaniangalia jinsi anavyoangalia kipimajoto.

Ukweli wa mambo: gitaa ninalo. Kodi ninazijua tatu. Kodi za gitaa, si za serikali. Zile vidole vinapobana nyuzi kadhaa kwa pamoja. Nyimbo ninazozimudu ni tatu vilevile. Hilo si tatizo. Hakimu ana kitabu. Pasta ana kitabu. Hata fundi wa gari ana kitabu, ingawa hakifungui. Nikipata kitabu kimoja kizuri chenye nyimbo zote, kazi imekwisha.

Jumatatu, 4 Mei

Nimetoka kazini mapema. Kazi yangu ni kupanga zamu za walezi wanaokwenda kuwahudumia wazee majumbani kwao. Nikapitia duka la ala za muziki, Arlington.

Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye nywele za zambarau. Akaniuliza nataka kitabu cha nyimbo gani. Nikasema zote. Akauliza za hafla gani. Nikasema zote. Akauliza nimepiga gitaa kwa muda gani. Nikasema tangu nioe. Ni kweli. Gitaa lilikuwa zawadi ya harusi.

Akanitolea vitabu. Cha kwanza kilikuwa noti tupu, ukurasa kama siafu waliomwagiwa maji. Cha pili cha watoto, jaladani kuna bata mwenye kofia. Cha tatu cha nyimbo za kikauboi. Akasema karibu zote zinapigika kwa kodi tatu. Moyo ukaruka! Nikasoma maneno. Katika kila wimbo mtu ameachwa na mkewe na gari limeharibika. Siwezi kumwimbia mama mkwe mambo hayo. Ataanza kuuliza maswali.

Cha nne kilikuwa kinene kama tofali. Jalada linadai kina nyimbo za kila mtu, za kila hafla. Muuzaji akanionya kwamba kitabu cha namna hiyo humfaa mtu ambaye nyimbo zenyewe anazijua tayari. Akanishauri nianze na cha bata.

Wauzaji wa siku hizi hawataki kuuza. Nikachukua tofali.

Jumanne, 5 Mei

Nimepitia orodha yote ya nyimbo. Ninaoufahamu ni ule wa siku ya kuzaliwa, pamoja na kadhaa za Krismasi. Kiswahili hakuna. Kimeru hakuna. Kikamba changu ndio usiseme. Nyimbo za kila mtu! Huyo kila mtu sijui alizaliwa wapi.

Hata hivyo nikaamua kujaribu ule wa siku ya kuzaliwa. Kitabu hakikai wazi. Mgongo wake umegundishwa. Ukikifungua kinajifunga chenyewe kama mlango wa benki. Nikakibana kwa pegi za nguo. Zikaruka. Moja ikatua kwenye mchuzi. Nikaweka kopo la majani ya chai upande mmoja na chupa ya mafuta ya kupikia upande mwingine. Kikatulia. Nikaanza kuimba. Katikati ya wimbo nikagundua kwamba unaendelea ukurasa wa nyuma. Nikainua chupa kwa kiwiko.

Sitaandika kilichofuata.

Na zile herufi! Ili nizisome lazima niiname. Nikiinama, gitaa linanibana tumbo. Likinibana tumbo, sauti haitoki. Nimefikia hitimisho. Kitabu kizuri lazima kikae wazi chenyewe. Kiwe na herufi kubwa. Wimbo usivuke ukurasa. Kodi ziwe chache. Na nyimbo ziwe zile watu wanazozijua. Ajabu kwamba dunia nzima hakuna aliyefikiria hivyo kabla yangu.

Kanana akarudi kutoka hospitali akakuta mafuta kwenye zulia. Hakugomba. Aliuliza tu kwa nini nisipige zile tatu ninazozijua, halafu niwaachie watu waimbe zao. Kanana ni muuguzi hodari. Muziki hauelewi.

Alhamisi, 7 Mei

Habari njema! Kerubo, mmoja wa walezi wetu, ameniambia kwamba Warundi Wakatoliki wa Fort Worth wana kitabu cha kwaya. Nyimbo za Kiswahili. Maneno yameandikwa, kodi ziko juu yake. Kimefungwa kwa waya wa kuzunguka, kinalala mezani kama chapati. Kerubo alikiona harusini kwa macho yake.

Nikampigia kiongozi wa kwaya, Capitoline, mama anayefanya kazi hotelini mjini. Nikamwambia nahitaji kitabu. Akasema kitabu hakitoki kanisani, lakini mazoezi ni leo jioni. "Karibu sana, kaka."

Mpango: najiunga na kwaya, napiga picha kurasa zote, naondoka. Mimi si Mkatoliki. Lakini simu yangu haina dhehebu.

Ijumaa, 8 Mei

Jana nilikwenda. Niliwekwa sauti ya nne, kati ya ukuta na bwana mmoja aitwaye Nazaire, mfanyakazi wa ghala. Nazaire akiimba, kiti changu kinatetemeka. Akaniuliza mimi ni besi ya namna gani. Nikasema ya wastani.

Mpiga gitaa wao anaitwa Nestor. Haangalii kitabu. Haangalii hata gitaa. Anaangalia waimbaji, na wakichelewa anawasubiri. Nilimdharau kidogo. Mtu anayejali kazi yake husoma.

Ikafika sala ya kufunga. Wote wakafumba macho. Nikafungua kitabu, nikatoa simu. Sikujua kwamba mwanga wa kamera umewashwa. Ukamulika kama radi! Mama mmoja akaitika "Amina" kabla ya wakati wake.

Capitoline aliendelea kusali bila haraka mpaka mwisho. Kisha akanijia. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo kuhusu taa za gari la nje.

"Kaka, ungeniomba tu," akasema. "Kiko hapa kwenye simu. Nakutumia sasa hivi."

Akanitumia. Kitabu kizima. Simu yangu ililia "tiiing" mbele ya kwaya yote.

Nimeumia. Mtu anapanga njama tangu mchana, halafu anapewa tu.

Jumapili, 10 Mei

Nimechapisha kitabu cha Capitoline. Ni kizuri. Nyimbo za shukrani, za harusi, za ubatizo, za mavuno. Nusu yake nazijua kwa sauti. Nikashika gitaa.

Kodi ni za Nestor. Wimbo wa kwanza peke yake una kodi sita, na mojawapo ina alama kama uzio wa ng'ombe. Vidole vyangu havifiki huko. Nilijaribu kuongeza kidole gumba. Kanana akaniuliza kutoka chumbani kama nimejibana mlangoni.

Nikampigia Nestor kulalamika. Hakukasirika. Akanieleza kwamba kuna kibano kidogo kinachowekwa kwenye shingo ya gitaa. Ukijua pa kukiweka, zile kodi zangu tatu zitatosha kwa nyimbo nyingi sana. Akasema nije Jumanne baada ya kazi, kwa saa moja tu atanionyesha.

Nikamshukuru. Nikamwambia sina nafasi ya kujifunza, niko katikati ya kutafuta kitabu.

Kibano nimekinunua mwenyewe. Nikakiweka. Nikakaza vizuri. Uzi ukakatika ukanichapa kidevu.

Jumatatu, 11 Mei

Chakula cha mchana, wazo limenijia. Limekuja lenyewe, kama mgeni anayejua nyumba.

Kama kitabu chenye nyimbo zote hakipatikani, basi nyimbo ndizo zipunguzwe. Nyimbo zinaombwa na watu. Watu hupangwa. Na mimi kazi yangu ni nini? Kupanga watu!

Walezi wetu watatu wamealikwa Pearland: Kerubo, Kamau na Jeptoo. Wote walikuwa na zamu Jumamosi hiyo. Nikawapigia mmoja mmoja. Nikampa kila mtu mapumziko kwa sharti moja. Kathure akiuliza nani ana wimbo, yeye asimame upesi aombe ule niliompangia. Kerubo ataomba wimbo wa shukrani, mwanzoni. Kamau ataomba wa harusi, katikati. Jeptoo ataomba wa tatu, mwisho kabisa, watu wakishashiba.

Kamau akasema, "Buda, kwa off ya Saturday nitaomba hata wimbo wa taifa." Nikamwambia asithubutu. Kodi zake siwezi.

Wimbo wa tatu ni wa maziko. Ndio ninaoupiga vizuri kuliko yote. Hapa Texas kila mara kuna ibada ya kumuaga mwenzetu anayesafirishwa kuzikwa nyumbani, nami nimeshaombwa kusaidia mara nyingi. Maneno yake yanamtakia mpendwa safari njema. Nitaupiga haraka haraka. Penye "pumzika" nitaimba "furahika." Hakuna atakayegundua.

Zamu zao nimezijaza jina la dada mmoja aliye likizo ya uzazi. Kompyuta haikulalamika.

Alhamisi, 14 Mei

Kitabu changu kimekamilika. Nimekitengeneza mwenyewe! Nyimbo tatu, herufi kubwa kama za bango, kila wimbo ukurasa wake, kodi tatu tu. Jaladani nimeandika NYIMBO ZA HAFLA ZOTE. Kinakaa wazi chenyewe.

Kwa kuwa nyimbo tatu zinaonekana nyembamba, nimekinenepesha kwa makaratasi ya hospitali aliyokuwa nayo Kanana. Kwa mbali ni kitabu kamili. Kanana akakipekua. Akaniuliza kwa nini ukurasa wa nne unahusu vidonda vya kisukari. Nikamwambia huko hatutafika.

Kibet naye alipiga simu. Alitaka kujua kama nitahitaji kipaza sauti, na kiti kisicho na mikono ili gitaa likae vizuri. Akasema pia amenunua kisimamio cha kuwekea kitabu, tena kwa furaha kabisa. Namjua Kibet. Anataka nikosee nikiwa nimeketi vizuri.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika ndani ya gari, tumeshapita Corsicana. Kanana anaendesha. Keki iko nyuma, imefungwa mkanda. Gitaa limelala bila mkanda. Kanana ndiye aliyeamua hivyo. Kerubo na Kamau wanakuja pamoja kwa gari la Kamau. Jeptoo tayari yuko Houston kwa binamu yake.

Kila kitu kiko sawa. Carmen, mkubwa wangu kazini, amepiga simu tena na tena. Sishiki simu za kazi siku ya mapumziko. Ni msimamo wangu tangu leo.

Jumapili, 17 Mei

Nitaandika kwa utulivu.

Tulifika tukakuta uani kumejaa. Mama Loice ameketi kivulini, kitenge kipya, leso mabegani, wajukuu wamemzunguka. Kibet anachoma mbuzi. Kiti changu kiliwekwa kando ya Mama, kisimamio mbele yake. Kilinitosha urefu kabisa. Inaudhi.

Hapo ujumbe ukaingia: tairi la Kamau limepasuka karibu na Madisonville, wanasubiri msaada, wataanza safari tena wakipata. Kwa hiyo wimbo wa shukrani haupo na wa harusi haupo. Sikuogopa. Jeptoo nilimwambia mwisho kabisa. Nilihesabu kwamba watu watakula kwanza, wapige porojo, na Kamau atakuwa ameshafika.

Kathure akasimama. Akasema shemeji yetu Mutuku anapiga wimbo wowote, mwenye wimbo ataje. Mama akaanza kusema kuna wimbo mmoja ambao yeye na...

Jeptoo akasimama.

Baadaye alinieleza. Aliona nyama inakaribia kuiva, akataka atimize ahadi kwanza ndipo ale kwa amani. "Off umenipa, wimbo nimeomba. Tumemalizana." Jeptoo ni mtu mwaminifu sana. Watu wa namna hiyo ni hatari.

Akautaja ule wimbo kwa jina lake, kwa sauti ya kanisani, akaongeza kwamba ni kwa ajili ya Mama.

Mtu aliyesema anapiga wowote hawezi kukataa wa kwanza. Nikaanza. Haraka haraka! Lakini Jeptoo huuimba kila wiki na anajua mwendo wake. Akauimba polepole, kwa uchungu, kama unavyotakiwa. Watu wakamfuata Jeptoo. Wanaume wakavua kofia. Waliokuwa wameketi wakasimama. Jirani wa Kibet, mzee wa Kitexas aliyealikwa, akaweka mkono kifuani. Mimi nikabaki peke yangu mbele yao, nikipaza "furahika!"

Mama Loice hakusimama. Alimwangalia Kanana. Akamwangalia Kathure.

"Ni nani amekufa?" akauliza.

Watu wote wakajibu kwa pamoja: hakuna. Kwetu sisi, watu wakisema hakuna kwa pamoja, yupo.

"Mmenileta ng'ambo," Mama akasema. "Mmenipikia. Mmenikalisha kwenye kiti kizuri, mkaita watu wa kanisa, mkaleta na mtu wa gitaa. Mnafikiri sijui jinsi watu wanavyoambiwa? Ni Mutwiri. Semeni tu."

Mutwiri ni kaka yake, aliyebaki Meru. Presha humsumbua, na wiki nzima hakuwa amepiga simu. Mama akajifunika uso kwa leso akalia. Hakikuwa kilio cha kuonyesha watu. Kilikuwa kile cha chini chini, mabega yanatikisika. Kanana akampigia magoti. Kathure akaanza kulia pia, bila kujua analia nini. Wajukuu wakafuata.

Nilitamani gitaa lingekuwa na mlango niingie. Nikajaribu kueleza. Nilimwambia Mama kwamba wimbo ule niliuchagua mahsusi kwa ajili yake. Haikusaidia.

Kibet akaweka koleo la nyama chini, akafuta mikono, akampigia Mutwiri. Huko Meru ilikuwa usiku, watu wamelala. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mama akalia zaidi. Ikaita tena, ikakatika. Jirani wa Kitexas akainamisha kichwa akaanza kusali kwa Kiingereza. Kibet akapiga tena.

Ikashikwa. Sauti ya mtu aliyeamshwa vibaya ikasikika uani kote.

"Nani amekufa mnipigie saa hizi?"

Mama akafunua uso.

"Mutwiri? Wewe ni mzima?"

Akajibu kwamba alikuwa mzima mpaka alipoamshwa. Mama akacheka huku machozi yanamtiririka. Akamgombeza. Mbona yuko kimya wiki nzima? Mutwiri akajitetea: simu iliingia maji, ameipata jana kwa fundi, na alipanga kumpigia asubuhi amtakie heri ya miaka sabini. Akauliza kelele hizo ni za nini. Mama akamwambia ni watu wamefurahi yuko hai. Mutwiri akasema hajawahi kujua kwamba ana watu wengi hivyo Marekani.

Kisha akasafisha koo na kuanza kuimba. Ni wimbo wa Kimeru, sijawahi kuusikia. Kanana ananiambia ndio Mama na kaka yake walikuwa wakiimba wakichuma kahawa na mama yao, na ndio Mama alikuwa anataka kuutaja alipokatizwa. Sauti ya mzee ilikuwa ya mikwaruzo. Mama akaudaka. Kanana na Kathure wakaingia. Wasiojua Kimeru wakapiga makofi, halafu nao wakashika kiitikio, kila mtu kwa lafudhi yake. Kibet alikuwa ameinua simu juu kama taa ili Mutwiri asikie. Alikuwa analia, na mbuzi anaungua.

Nikafanya wajibu wangu. Nikatafuta wimbo kitabuni. Nikafunua. Vidonda vya kisukari. Nikafunua tena. Kuosha miguu. Nikajaribu kodi ya kwanza, haikuingia. Ya pili, haikuingia. Nikawa ninaitafuta ya tatu, ndipo Mama akaweka kiganja chake juu ya nyuzi. Taratibu tu.

"Mwanangu," akasema, "weka hicho kitabu chini, upige makofi."

Mwanangu! Naliandika hapa kwa wino ili Kanana asije akalikana.

Nikapiga makofi. Nilipiga wimbo ule, na uliofuata, na mwingine. Mikono inauma mpaka leo. Mutwiri hakukata simu mpaka chaji ilipomwishia.

Kerubo na Kamau walifika wakati wa keki. Kerubo akasimama papo hapo, bado ana vumbi la barabarani, akaomba wimbo wa shukrani. Watu wakaudaka wakauimba wenyewe. Kamau akaomba wa harusi. Nao ukaimbwa. Ulikuwa utekelezaji mzuri sana wa mpango wangu. Hakuna aliyeniangalia.

Tulipoaga, Kanana alisema hajawahi kumwona mama yake akicheka hivyo tangu baba yao afariki. Akanishika mkono. Nikamwambia mambo mazuri huhitaji maandalizi.

Jumatatu, 18 Mei

Carmen ameniita ofisini. Jumamosi alimpigia yule dada wa likizo ya uzazi kumuuliza yuko wapi. Alikuwa ananyonyesha. Basi Carmen mwenyewe akaenda mpaka mji wa DeSoto kuwaogesha wazee wa zamu zile, akawapikia, akawapa dawa, akamsomea gazeti mmoja wao mpaka akalala. Alinieleza haya bila kupaza sauti. Ningependelea apaze.

Kuanzia kesho sipangi tena zamu. Nitakaa mapokezi nipokee simu. Huko kuna kiti kinachozunguka na dirisha linalotazama barabara. Nadhani ni aina ya cheo.

Jioni nimechunguza chanzo cha yote yaliyotokea Pearland. Sikutaka kumlaumu mtu ovyo, kwa hiyo nimechukua muda. Ni tairi la Kamau.

Jumatano, 20 Mei

Mama amepiga simu. Mwezi ujao anakuja kukaa nasi Mansfield. Tangu sherehe ameanza kuketi ukingoni mwa bwawa la Kibet kila jioni, miguu majini, na magoti yake yamepata nafuu. Sasa anataka kujifunza kuogelea kabla hajarudi Meru. Kibet ameshamtafutia mwalimu, mama mmoja mwenye vyeti, yuko tayari kuanza wiki ijayo.

Vyeti!

Nikamwambia Mama asipoteze muda na wageni. Bwawa la mtaa wetu liko karibu, na mwanawe nipo. Nitamfundisha mwenyewe, mtindo wowote, achague tu. Akafurahi sana. Akasema atamwambia Kibet kwamba yule mwalimu asije tena.

Kanana alikata simu. Akakaa. Akaniuliza, polepole, kama mimi najua kuogelea.

Nikamwambia tusitangulize maswali. Duka la vitabu linafunguliwa saa nne.